Kigoda cha Mzee Amour

Walipokuja kulifunga duka la Mzee Amour, mimi ndiye niliyeshika gundi ya kufungia maboksi. Wabebaji walikuwa na haraka. Walikuwa wanatupia madele, yale mabirika ya kahawa yenye mdomo mrefu, ndani ya maboksi kama wanapakia viazi, na kila dele likigonga jingine shaba inalia njia nzima. Mwenyewe ameketi kizingitini, kanzu imepigwa pasi, ndevu zimetiwa hina mpya, anawaambia kwa Kiarabu polepole, polepole, hizo si sufuria. Nikavuta pazia la kabati la chini, nikitegemea kukuta matambara ya kusugulia. Nikakuta dele limefungwa kwenye gazeti. Nikalifungua. Lilikuwa lile lenye nakshi ya komamanga, ambalo kwa kauli yake mwenyewe lilinunuliwa na mama mmoja wa Kibrazili tangu msimu wa baridi, tukacheka siku hiyo kwamba shaba ya Mzee Amour imevuka bahari.

Nyuma yake kulikuwa na jingine, na jingine. Lililokwenda Moscow lilikuwamo. Lililokwenda Nairobi lilikuwamo, na birika lake. Kabati zima limejaa vitu vilivyouzwa.

Hasira iliyonipanda hapo mpaka leo haijateremka yote. Lakini ngoja nianze mahali pake, maana mimi nikikasirika huwa naanzia mkiani.

Soko letu hapa Dubai halina umri wowote. Ni ghala, basi. Wenyewe walilijenga ng'ambo ya barabara kuu ukitokea Ras Al Khor, kule kwenye vipuri vya magari, wakaliezeka bati, halafu ndani yake wakatengeneza soko la kale la Kituruki, lile la kufunikwa: njia ndefu yenye matao, maduka huku na huku, na juu makuba yamepangana kutoka lango hadi lango, yamechorwa maua ya buluu na mistari ya dhahabu. Nje jua linakaanga lami. Ndani ni baridi, muziki wa Kituruki unatoka kwenye spika, na watalii wameinua simu wanapiga picha darini. Siku moja fundi wa kiyoyozi aliacha kidirisha cha juu wazi, nikapanda ngazi yake kuchungulia. Kwa upande ule makuba hayakuwa na ua wala dhahabu. Yalikuwa jipsam nyeupe, nyepesi, yananing'inia kwa nyaya kutoka kwenye bati. Nikashuka nikamwambia fundi, kumbe hata Istanbul hapa imekuja kwa mkataba.

Mimi nilikuja sokoni nikitokea Mirdif, nyumbani kwa madam niliyemfanyia kazi za ndani, nyumba yenye geti jeusi. Nisimsingizie mtu: sikupigwa, na chakula nilikula. Lakini nililala chumba cha kufulia, kichwa changu kando ya mashine, na lile geti nililitoka nikiwa na mfuko wa taka au nimeshika mkono wa mtoto wa watu. Simu yangu nilipewa Ijumaa tu. Ukiishi hivyo muda mrefu unaanza kuongea na jokofu, na mimi niliongea nalo, Kihaya, ili asinisikie mtu akaelewa.

Kaka yake madam ndiye aliyenitoa. Alikuwa amefungua duka la mataulo na sabuni za Kituruki, na msichana wake wa Kifilipino akapata kazi hotelini akamwachia funguo mezani. Alipokuja kula kwa dada yake alinisikia nikiwajibu wageni Kiingereza, akasema, nipe huyu. Wakanijadili palepale, mimi nimeshika sinia la wali. Karatasi zangu zikahamia kwake. Arbab, ndivyo tunavyowaita mabosi huku, hakuwa mtu wa maneno mengi. "Nakupa msimu huu, Belinda," akasema. "Ukiuza, utabaki kwangu. Usipouza, dada yangu bado hajapata mtu wa jikoni."

Nikapanga kitanda Karama, chumba kimoja na wanawake wengine, na mwenye chumba akanipa ufunguo. Nyie mliokuwa na funguo tangu utoto hamtanielewa. Nilikuwa nashuka chini kununua chapati nisiyoitaka, ili tu nifunge mlango, nishuke, nipande, nifungue mwenyewe. Nikajiapiza kwamba Mirdif sirudi. Wala sikuwa na pa kukimbilia pengine: mama alishafariki, na huko Bukoba baba wadogo walishagawana migomba mpaka ile iliyootea kwenye kaburi lake. Kilichokuwa kati yangu na chumba cha kufulia ni yale mataulo.

Duka la Mzee Amour lilipakana na langu. La Zein lilitazamana na lake, ng'ambo ya njia. Zein ni mwanamke wa Mombasa, anauza viungo na chai za maua, na ulimi wake ni mkali kuliko pilipili anayopima. Mzee Amour ni Mzanzibari aliyefika Dubai kijana, akaendesha gari la tajiri mmoja mpaka macho yakachoka. Yule tajiri aliona haya kumrudisha kwao hivihivi, akamfungulia kiduka cha shaba akae humo. Sasa msije mkadhani namsimulia mzee wa hekima. Hekima gani? Alikuwa na majivuno, mpenda sifa, mwongo wa mambo madogo madogo, na ukimsimulia jambo lolote yeye ana lake kubwa zaidi. Alisema ujanani alikaa Istanbul na tajiri wake, akishinda katika lile soko lenyewe la asili. Zein hakuamini hata neno. Mimi nilikuwa sijui nishike lipi.

Siku yangu ya kwanza nilisimama nje ya duka nikiwaita wapita njia, my friend, my friend, kama nilivyoona wengine wakifanya. Akaniita.

"Binti, hebu njoo. Nani kakufunza kupiga makelele sokoni?"

"Nauza, Mzee."

"Huuzi. Unafukuza."

Akanikalisha, akanimiminia kahawa, akaanza. Enzi za masultani wa Waosmani, akasema, duka halikuwa chumba. Lilikuwa kabati ukutani. Asubuhi mwenye duka anafungua ubao wa chini unakuwa kitanda cha kukalia, ubao wa juu unakuwa kivuli, anapanda, anakunja miguu, goti kwa goti na jirani yake. Bango hakuna, kioo hakuna, wala mtu hamvuti mtu mkono. Wauza makobazi wana njia yao, wauza vito wana yao, wauza mataulo yao, na katikati kuna jumba la mawe lenye milango ya chuma, humo ndimo dhahabu na hariri zinamolazwa. Taa haziwashwi kwa kuogopa moto. Mwanga unaingia kwa vidirisha vilivyo juu kabisa, na jua likikaribia kuzama soko linafungwa, kila mtu kwake. Makuba yamefunikwa kwa risasi ile ya kuyeyushwa, mvua isipenye.

"Na yale makuba, mwanangu, hayakutundikwa," akasema, akiitazama jipsam yetu kwa dharau. "Yameegemeana. Hili lalisukuma lile, lile lalisukuma jingine, mpaka yafike kwenye ukuta mnene unaoyapokea yote. Walikuwepo wafanyabiashara wakichimba kuta ili wapanue maduka. Basi likipasuka kuba, si lake aliyechimba. La jirani yake."

"Haya," nikasema. Nilikuwa na mataulo ya kukunja.

"Wewe una haraka ya kwenda wapi? Sijafika kwenye biashara."

Uongozi wa soko ulikuwa umeweka kigoda cha mbao mbele ya kila duka, kwa ajili ya picha tu, chenye kipande cha zulia juu. Mzee Amour akakipiga chake teke dogo la mapenzi. Watu wa kale wa masoko hayo walisimulia, akasema, mwenye duka akifungua asubuhi anaweka kigoda nje. Akipata riziki yake ya kwanza, huko ndiko kufungua hasa, anakiingiza ndani. Mteja wa pili akija, hamuuzii kwanza. Anachungulia njia aone nani kigoda chake bado kiko nje, anamwambia mteja, mimi nimeshafungua, nenda kwa yule jirani yangu, bidhaa yake nzuri. Mpaka vigoda vyote viwe ndani. Baada ya hapo kila mtu na bahati yake.

Zein akacheka kule kwake. "Na arbab wangu akijua nawapeleka wateja kwa wenzangu, mimi naye atanipeleka wapi?"

"Arbab wako hata mlango wa soko haujui. Weka kigoda, mwana wee."

Tukaanza kama mchezo, kwa sababu asubuhi za siku za kazi ni ndefu. Lakini mchezo ukashika. Ukifungua duka unatoa kigoda, unauza kipande cha sabuni, unakiingiza, unamsindikiza mteja wa pili kwa mwenzio. Watalii walipenda ajabu. Wengine walikuwa wanapita wakiuliza nani hajauza bado, utadhani wanatafuta mgonjwa wa kumjulia hali. Wauza makobazi na wauza taa nao wakaiga, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nikawa najua kila asubuhi nani amepata na nani bado, na najali. Sikutegemea kitu kama hicho Dubai. Nilikifurahia mpaka nikawa nawahi kufika.

Mchana mmoja Zein alileta mahamri na mbaazi, tukala watatu nyuma ya duka lake, nikawasimulia habari ya Mirdif na neno la arbab. Zein alisema pole, akanishika bega. Mzee Amour akauliza mashine ile ya kufulia ilikuwa ya mlango wa mbele au wa juu. Nikamwambia wa mbele. Akasema hizo ndizo zenye kelele, akajiongezea mbaazi. Nikajua hakunisikiliza.

Msimu ukanoga. Mzee Amour alikuwa anajua kukusanya watu, hilo hata Zein hakulikataa. Duka lake lilikuwa karibu na lango, na mtalii akiingia anakutana naye kwanza, amekunja miguu juu ya ubao aliomwomba seremala amfungulie, anamimina kahawa kutoka juu mpaka kwenye kikombe bila kumwaga tone, anasimulia habari za makuba kwa Kiingereza chake cha dereva. Watu wanaketi. Wanashika madele, wanageuza, wanauliza bei. Na hapo, mtu akishatia mkono mfukoni, ndipo anapoinua kiganja. "Mimi nimeshafungua, alhamdulillahi," anawaambia. "Kigoda changu kiko ndani. Nendeni kwa binti yangu pale, ana mataulo ya hamamu, hamtayaona penginepo."

Wanakuja kwangu wameshalainika, pochi ziko wazi. Mataulo ni mepesi, hayaumizi begani, yanaingia kwenye begi la ndege. Nikawa nauza kuliko nilivyoota. Nikishafungua nawapeleka kwa Zein, maana chake ndicho kilichokuwa nje. Cha Mzee Amour nikifika asubuhi mara nyingi nakikuta kimeshaingia, yeye anaisugua shaba kwa ndimu na chumvi.

"Nshauza," anasema kabla hujamuuliza. "Lile la komamanga. Mama wa Kibrazili, kaja mapema na mumewe."

"Ami Amour, weye unamuuzia nani saa hizi," Zein anamrushia kutoka ng'ambo, "majini?"

"Majini wanalipa taslimu."

Tunacheka, siku inaanza. Na sehemu iliyoachwa wazi kwenye rafu tuliiona kwa macho yetu. Komamanga kweli halikuwepo.

Joto likaja, likaondoka na watalii. Arbab alinijia mchana mmoja, akatembea dukani akigusa mataulo, akatazama simu yake, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyeshangaa akapendezwa. "Khalas, Belinda," akasema. "Wewe ni wa duka. Dada yangu nitamtafutia mtu mwingine." Nilisubiri atoke langoni. Kisha nikaingia nyuma ya pazia, nikauma taulo, nikalia kwa raha zangu. Nilipotoka nilikwenda kumwambia Mzee Amour kabla ya mtu yeyote. Akasema, "Nilijua," kama kawaida yake, akadai kahawa ya shukrani, nikamnunulia.

Wiki ileile watoto wa tajiri wake walikuja. Baba yao alikuwa amefariki mwanzoni mwa joto, na walikuwa wanapitia mali yake, nyumba kwa nyumba. Vijana wa adabu, hawakupandisha sauti. Waliangalia rafu, wakauliza duka linaingiza nini kwa mwezi. Mzee Amour alijibu kitu sikukisikia. Wakatazamana. Wakambusu kichwa, kwa heshima, kwa sababu aliwapeleka shule hao wote kwa gari lake, wakamwambia apumzike sasa, watamkatia tiketi ya Zanzibar.

Hapo ndipo tunarudi kwenye maboksi, na mimi nimeshika komamanga.

"Mzee Amour. Hili si lilikwenda Brazili?"

Akalitazama, akatazama pembeni. "Limerudi," akasema.

"Na la Moscow?"

Wabebaji waliendelea kupakia.

"Ulikuwa unaingiza kigoda hujauza."

"Sauti yako, mwanangu."

"Sauti gani? Kabati limejaa. Msimu mzima unanipa mimi watu waliokuja kwako, mkono uko mfukoni tayari, na hujauza hata kijiko. Nani alikutuma? Mimi nilikuomba? Nilikuja hapo nikapiga magoti?"

"Hebu usijipe ukubwa," akasema, na hapo hata yeye akakasirika, hina yake yote ikitetemeka. "Nani kasema n'lifanya kwa ajili yako? Mimi ndiye n'liyewaambia habari ya vigoda. Mimi ndiye niliyekaa Istanbul. Sasa nikae na kigoda nje mpaka adhuhuri, Zein ananitazama pale na bizari zake? Shaba nzito, hainunui mtu siku hizi, wanaipiga picha tu. Nikaona haya. Nikakiingiza. Na kikishaingia, mteja akija nifanyeje? Nimuuzie, nivunje mila n'liyoileta kwa mdomo wangu? Ikabidi nimtoe. Ukawepo wewe, basi."

"Basi ulikuwa mjinga."

Nilimwita mtu mzima mjinga, mbele ya wabebaji, na kwetu ningechapwa. Yeye alifikiri kidogo.

"Naam," akasema. "Lakini kanzu yangu safi."

Nilimpigia arbab palepale, nikitembea huku na huku njiani kama mtu anayetafuta mtandao. Nikamwambia ukweli: sir, mataulo siyauzi mimi, huyu mzee ndiye anayewaleta watu na kuwalainisha. Mchukue. Mkalishe mlangoni na kahawa yake, hahitaji chochote zaidi. Arbab alinisikiliza mpaka mwisho, siwezi kumnyima hilo. Akasema umri ule hataweza kumwombea karatasi, na isitoshe sasa wateja wananijua mimi. Nikamwambia hawanijui. Akasema, yalla, Belinda, rudi dukani.

Mzee Amour aliondoka na begi moja na sinia la shaba alilokataa kuliacha. Nilimuuliza atafikia kwa nani Unguja. Akasema kwa mtoto wa dada yake, Kikwajuni, ambaye hawajaonana tangu huyo mtoto ananyonya. "Tutajuana hukohuko," akasema. Sikumsindikiza uwanja wa ndege. Nilikuwa bado na hasira, na nilifikiri kama kweli alifanya kwa kiburi chake, basi nilichokula msimu mzima ni makombo ya majivuno ya mtu, na kwa hilo sina deni naye. Nilijiambia hivyo mara nyingi. Nililala juu ya maneno hayo kule Karama, ufunguo uko chini ya mto, na hayakuwa laini.

Arbab akalichukua lile duka. Akataka ukuta wa kati uvunjwe, yawe duka moja kubwa la mataulo. Mafundi walipowasha msumeno nilitoka nikasimama katikati ya njia, nikatazama juu, mikono imeniganda kifuani. Nilikuwa najua ni jipsam. Nilishayaona makuba yale kwa juu, najua yanashikwa na nini. Lakini bado nilisubiri. Vumbi likashuka, ukuta ukatoka vipande vipande, ukapakiwa kwenye toroli. Juu hakuna kilichopasuka. Hakuna hata ua lililochubuka, si juu ya duka langu wala la mtu mwingine, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Zein alivuka njia akaja kusimama nami, amejifunika pua kwa mtandio.

"Wamlilia nani, ukuta?"

"Vumbi hilo."

"Mmh. Vumbi."

Nikamwambia yote, kwa sababu sikuwa nimemwambia mtu: komamanga, kabati, na maneno ya mzee kwamba ni haya tu, ni kiburi, wala haikuwa kwa ajili yangu. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Mimi nilijua," akasema. "Duka langu latazama lake, Belinda. Namuona kila asubuhi akiingiza kigoda, wala hakuna aliyefika, hata jini. Namuona akitoa dele kwenye rafu, anatazama huku na huku, analifunga gazeti."

"Na hukuniambia."

"Alinikataza." Akawaacha mafundi wapite na toroli. "Na mie ilinikera, n'kwambie kweli. Kigoda changu kiko nje pua kwa pua na yeye, na wateja wote akupa wewe. Wewe ulikuwa ukinigawia. Yeye hata mmoja. Nikamvukia siku moja, nikamwambia, Ami Amour, na mimi je, hunioni? Mimi si jirani?"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Zein, wewe ukikosa kuuza, unarudi Mombasa kwa mama yako.'"

Akarudi kwenye viungo vyake. Mimi nikaingia ndani, nikatafuta namba ya Kikwajuni aliyoniachia siku ya kuondoka, nikapiga, nimtukane mpaka nitosheke. Ikaita muda mrefu. Akapokea mwenyewe, sauti imekuwa ndogo kidogo, akasema hallo, hallo, nani. Nikavuta pumzi. Nikamuuliza kama ameshakula.